Mkandaji wa Nyuma ya Ukuta

Jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya mashamba ya miwa ya Kabras, na Roda Musimbi yuko kazini. Ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya binti yake, mgongo ameuelekeza kwenye ukuta wa udongo. Mikono imelala mapajani. Leo anafanya kazi kwa mdomo.

"Selpher! Maji yanasemaje?"

"Yanatoa mvuke, mama," binti yake anajibu kutoka ndani.

"Sijauliza mvuke. Chovya kiwiko."

"Kiwiko kinavumilia."

"Haya, tia kitambaa. Kamua mpaka kisidondoshe hata tone. Mgongo wa mtu si shamba la nduma lipendalo maji."

Mgongo wenyewe ni wa Erastus, mume wa Selpher, ambaye hulisha miwa kwenye mashine ya kiwanda kidogo cha sukari nguru karibu na Malava. Wiki iliyopita aliinua mzigo wa miwa uliolowa mvua, kiuno kikakaza, akashindwa kusimama. Alirudishwa nyumbani juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Kwenye zahanati walimpima, wakasema mfupa ni mzima, apumzike na akandwe kwa maji ya moto. Msimamizi naye amemwekea nafasi yake hadi Jumatatu. Baada ya hapo mashine itapata mtu mwingine.

Mkandaji anayesifika kutoka Malava hadi Matete ni huyu huyu mama mkwe wake, na hapo ndipo penye ugumu. Kwa desturi ya watu wa hapa, mama hamkaribii mume wa binti yake. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na nyumba anamolala mkwe, yeye haingii.

"Nimekanda wachungaji, wapagazi, hata shemasi," Roda anasema, akitikisa kichwa. "Waume wa watu wote. Wa mwanangu ndiye nimemkosa."

Ndani, Erastus anaguna. "Mwambie mama panaponiuma ni chini kidogo, karibu na nyonga."

"Mwambie baba Barnaba nimesikia," Roda anajibu kabla Selpher hajafungua kinywa. Mkwe humwita kwa jina la mjukuu tu.

"Kama mnasikiana, mimi ni wa nini?" Selpher anateta.

"Wewe ni mlango, mwanangu. Mlango haulalamiki."

Siku ya kwanza mambo yalikaribia kuharibika. Kwa haraka zake, Selpher alitoa kitambaa kwenye maji yanayochemka akakibandika moja kwa moja mgongoni. Erastus alipiga ukelele uliosikika barabarani. Roda aliruka kutoka kigodani, akazunguka nyumba, akafika mlangoni mguu ukiwa juu.

"Kwa nia nilikuwa nimeshaingia," anakumbuka. "Mwili ndio niliouzuia."

Alishika mwimo wa mlango, akafunga macho, akaanza kusema. Toa hicho. Mwagia maji baridi, mengi. Leo basi, mpaka kesho. Na kesho kitangulie kitambaa kikavu, ndipo kifuate chenye moto, na mkono wako ubaki chini yake kwanza. Kikikuchoma wewe, kitamchoma na yeye.

Kazi hii Roda aliirithi kwa mama yake huko Shinyalu, enzi ambazo sufuria ilikuwa kitu cha kuonyeshwa wageni. Maji yalichemshwa kwa chungu. Jani la mgomba lilipitishwa motoni hadi likalegea, likatandazwa juu ya kitambaa ili joto lisikimbie.

"Jioni wanawake wakitoka kuokota kuni, walikuwa wanaketi kwetu mmoja mmoja karibu na moto," anasimulia. "Huyu shingo, yule goti. Wanacheka, wanasengenya, wanakandwa. Hakuna aliyeitwa mgonjwa. Ilikuwa jioni tu."

Anakumbuka pia sherehe za Uhuru, na hapo uso wake wote unafunguka.

"Ngoma ya isukuti ililia usiku kucha. Kulipokucha, Malava nzima inachechemea! Karani, mpishi, mama wa kanisa, wote wameshika kiuno. Nikawauliza, mmepata Uhuru au mmeanguka mtini? Kuni zangu zote ziliisha, na sikumlipisha mtu."

Siku za kawaida hupewa shilingi moja, au kibaba cha mtama, au ahsante. Lakini wanaokuja wamepungua. Vijana hununua dawa ya kuchua dukani. Selpher mwenyewe, alipokuwa msichana, aliikataa kazi hii. Alitaka cherehani. Alisema hataki mikono inayonuka moshi.

Sasa kutoka kigodani Roda anapaza sauti. "Weka jani juu yake."

"Nimeshaweka, mama."

"Basi kisogeze—"

"Nimeshasogeza. Na jingine liko motoni."

Roda anaegemeza kichwa ukutani.

Baada ya muda kitanda kinalia. Nyayo zinavuka sakafu, zinatoka mbele. Roda anajifunika uso kwa leso, anatega sikio. Hakuna mlio wa fimbo aliyokuwa akiegemea wiki nzima.

"Mwambie mama," sauti ya Erastus inatoka upande wa pili wa nyumba, "Jumatatu mashine itanikuta hapo."

"Mwambie mzigo wa miwa hauinuliwi na mtu mmoja. Aombe mwenzake. Aibu haivunji mgongo."

Hata kabla Roda hajajifunua uso, Namalwa, jirani, anaingia uani akiwa ameshika shingo. Roda anaanza kuinuka, anakunja mikono ya gauni.

"Keti tu, mama," Namalwa anamwambia. "Nimekuja kwa Selpher."

Roda anarudi kigodani polepole. Anamtazama Namalwa akizunguka nyumba kuelekea mlangoni, halafu anacheka mpaka anajifuta macho kwa pindo la leso.

Mahindi yakishavunwa, anasema, atamwita Selpher nyumbani kwake akae naye siku kadhaa. Hatakuwa na la kumfundisha. Magoti yake yenyewe yamechoka, na tangu amzike mama yake hakuna mtu aliyewahi kumkanda yeye.

"Nitalala, nitafumba macho," anasema. "Nataka nijue kama mikono ya mama ingali duniani."