Pampu Tuliyokatazwa Kufungua

Pampu yetu tulipewa na nchi moja ya ng'ambo, miaka ya themanini, huku kwetu upande wa Kyuso. Mbele walikuwa wameipaka rangi za bendera yao. Ilitupa maji kama misimu miwili hivi, kisha mpira wa ndani ukaisha. Kubadilisha? Thubutu! Mkataba ulisema spea itoke kwao na aifunge fundi wao, mtu mwingine asiiguse. Tukangoja. Tukarudi mtoni kufukua mchanga na kuteka maji kwa kikombe, na watoto wakaanza kuharisha. Kitinda mimba wangu alikuwa mmoja wao. Nilikuwa na hasira ambayo hata kanisani haikunitoka.

Ndipo chifu akaleta habari kwamba wenye pampu wanakuja kututembelea. Akataka mwethya, kikundi chetu cha akina mama cha kulimiana mashamba, kiwaimbie, na mwimbishi nilikuwa mimi.

"Tuimbe nini, na pampu imekufa?"

"Imbeni shukrani. Mkono mtupu haulambwi, mama. Mkiwaudhi, hata hiyo spea hamtaiona."

Kumbe nchi nzima yaweza kushikwa kwa kampira kasikojaza kiganja! Nililia kwa uchungu siku hiyo, sioni haya kusema.

Wageni wakaja. Tukaimba, tukacheza, wakapiga makofi. Nikamshika mkubwa wao mkono, naye akacheka, akidhani namwita tucheze. Nikampeleka moja kwa moja hadi kwenye pampu, nikamwekea mikono kwenye mpini. Akapiga. Akapiga tena. Jasho lilimtoka, maji wapi!

Akasema, chifu akitafsiri, kwamba ataiandikia ofisi yao.

"Mwambie asijisumbue. Tumeleta fundi wa malori kutoka Mwingi, na mpira ameshaukata kwenye tairi kuukuu. Tunafungua leo, yeye akiona."

Chifu akanivuta leso. "We mama, unataka tunyimwe misaada yote?"

"Tunyimwe! Kwani sasa tunakunywa nini?"

Mgeni akatikisa kichwa: mkataba, mkataba. Fundi akaniangalia mimi, nikamwambia fungua. Wageni wakapanda gari lao wakaenda na vumbi lao, na kuku tuliowachinjia tukawala sisi. Jioni maji yalitoka, kwanza mekundu kwa kutu, halafu safi. Mwanangu alikunywa mpaka nikamnyang'anya kikombe.

Mwaka uliofuata tuliondolewa kwenye mpango wao. Kijiji jirani, kilichoimba vizuri, kikapewa tangi. Chifu akaja kunigombeza, eti nimeiponza lokesheni yake nzima, vijiji vyote anavyovisimamia, kwa kiburi changu. Lakini alikuja na punda, na punda alikuwa amebeba mitungi mitupu. Nikamwambia ashike mpini, agombeze huku akiteka.