Vifurushi vya Bi Teklia

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Teklia Onufriivna alifunga masanduku ya chokoleti katika kiwanda cha mji wetu, na katika miaka hiyo yote hakuna sanduku lake hata moja lililofunguka njiani. Jambo hili alilitaja kila alipokutana na mtu mgeni, mara nyingi kabla ya kutaja jina lake. Mengine yote yalipita. Jina la kiwanda lilibadilishwa mara tatu, wakurugenzi sita walikuja na kuondoka, na mumewe Mykhailo, dereva wa lori la kiwanda, alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa kwenye foleni ya kupimwa moyo. Siku ya mazishi Bi Teklia alizifungua riboni za mashada ya maua na kuzifunga upya, kwa sababu aliyezifunga hakuwa amezikaza.

Kiwanda kilipofungwa, alibaki na nyumba ya vyumba viwili, bustani ya vitunguu, na binti mmoja, Ulyana, aliyehamia Bergamo kutunza wazee wa Kitaliano. Kila mwezi Bi Teklia alimtumia kifurushi kwa basi dogo linaloondoka sokoni Alhamisi: uyoga mkavu, jamu ya plamu, soksi za sufu. Ulyana alikuwa akipiga simu kusema kwamba kimefika, na kwamba amekifungua kwa mkasi wa kukatia ua wa miti. Safari moja alisema mkasi huo umevunjika, ikabidi amwite jirani mwenye msumeno. Bi Teklia aliisimulia habari hiyo kwa majirani wa pande zote mbili. Kwake yeye ilikuwa sawa na kutunukiwa cheti.

Vita vya nchi yetu vilipoingia mwaka wa pili, chumba cha kwaya katika shule ya muziki kilikuwa kimeshageuzwa karakana ya kufungasha vifaa vya matabibu wa jeshi. Msimamizi alikuwa Larysa Bohdanivna, mwalimu wa piano, mama mpole aliyekuwa na desturi ya kumkosoa mtu kwa sauti ya chini kana kwamba anampa pole. Piano ilisukumwa ukutani, na juu yake zikapangwa boksi za glavu. Katikati ya chumba palikuwa na meza ndefu, na kila mtu mezani alikuwa na kitu chake kimoja cha kuweka: huyu mkanda wa kukazia mkono au mguu ili damu isitoke, huyu chachi, huyu bendeji, huyu plasta pana ya kuziba tundu la kifuani, huyu kalamu ya wino mzito ya kuandikia saa mkanda ulipokazwa. Kifurushi kimoja kilikuwa cha majeruhi mmoja. Tabibu hubeba kumi mgongoni. Akimfikia mtu aliyepigwa, anachomoa kimoja, anakifungua, na kila anachohitaji kinakuwa mbele yake. Hivyo ndivyo tulivyokusudia.

Bi Teklia alianza kwenye chachi. Siku ya tatu alikuwa ameshahamia mwisho wa meza, mahali pa kufunga, na hakuna aliyekumbuka kumpa ruhusa. Alizungusha plastiki nene mara mbili, akakamua hewa kwa kiwiko, akapitisha selotepu mara mbili kwa urefu na mara tatu kwa upana, kisha akaisugua ncha ya selotepu kwa ukucha wa kidole gumba mpaka isionekane ilipoishia. Ncha inayoonekana, alitueleza, ni aibu. Tulipanga foleni kutazama. Kifurushi kilitoka mikononi mwake kikiwa kigumu na laini kama tofali lililooshwa.

Kulikuwa na sababu nyingine ya yeye kuipenda ile meza, nayo ilikuwa mwisho wa korido. Jikoni, ambako akina mama walikausha bitiruti kwa ajili ya supu ya askari na kupika vareniki, vile vimfuko vya unga vyenye viazi ndani vinavyochemshwa, kwa watu wa karakana, mkuu alikuwa Yustyna, dada wa marehemu Mykhailo. Wifi hawa wawili hawakuwa maadui. Lakini miaka arobaini na miwili iliyopita, Jumapili ya kwanza baada ya harusi yake, Bi Teklia aliwapikia wakwe vareniki za viazi, na zilipoingia kwenye maji yanayochemka zote zilifumuka. Yustyna alichungulia sufuriani na kusema neno moja: "Zimefunguka." Tangu siku hiyo kila Krismasi na kila Pasaka alilirudia mbele ya ukoo mzima, kwa sauti ileile, mtu yeyote alipouliza kwa nini Teklia hakupewa unga. Mwanamke ambaye sanduku lake halijawahi kufunguka alikuwa ameishi miaka arobaini na miwili na neno hilo. Kwa hiyo mezani alikuwa mtu, na jikoni angekuwa mkamwana.

Mwezi wa Novemba, siku ya Jumanne, alikuja tabibu wa kikosi tulichokuwa tukikihudumia. Jina lake lilikuwa Severyn, lakini wenzake walimwita Korongo kwa sababu ya urefu wa miguu, na hata yeye aliitikia jina hilo haraka zaidi. Alikuja kuchukua vifurushi mia mbili na arobaini, aondoke navyo Alhamisi asubuhi. Vyote vilikuwa tayari, vimepangwa chini ya piano. Alikunywa chai, akala vareniki za Yustyna sahani mbili, akamshukuru, ndipo akauliza nani anafunga.

"Mimi," alisema Bi Teklia. "Miaka thelathini na mmoja kiwandani, hakuna sanduku langu lililofunguka njiani."

"Nakuamini, shangazi," alisema Korongo. "Hata mwisho wa njia hayafunguki."

Bi Teklia alimshukuru. Korongo akasema hakuwa anasifu. Akatoa kifurushi kimoja mfukoni mwa koti, cha ule mzigo wa kwanza wa vifurushi sitini tulioupeleka Septemba, akakiweka mezani. Kilikuwa na tope na alama za meno kwenye kona moja. Kisha akafungua mdomo na kutuonyesha jino la mbele lililomeguka.

Alitusimulia bila kupandisha sauti. Ilikuwa asubuhi, mvua ilikuwa inanyesha. Askari mmoja alikuwa amepigwa pajani. Korongo aliusukuma mkono wake wa kushoto kwenye jeraha kuzuia damu, na hapo ukawa hauwezi kutoka. Mkono wa kulia ulikuwa na glavu, glavu ilikuwa na damu, na kifurushi kikawa kinamponyoka kama samaki. Alitafuta ncha ya selotepu. Hakuiona. Akatumia meno. Mwishowe aliutoa mkanda wake mwenyewe kifuani, ule ambao tabibu huuweka kwa ajili ya nafsi yake, akaufunga kwa yule askari.

"Alipona?" aliuliza Larysa Bohdanivna.

"Amepona. Wakati napambana na selotepu aliniambia, daktari, kama una shughuli nyingine, usinijali, nenda tu."

Hakuna aliyecheka, ingawa nadhani alitaka tucheke. Larysa Bohdanivna alisogea karibu na Bi Teklia na kusema, kwa ile sauti yake ya pole, kwamba labda amechoka, kwamba kazi ya kufunga inaumiza viungo, na kwamba jikoni kuna joto. Yustyna alikuwa amesimama mlangoni akijifuta mikono. Hakutabasamu. Ndugu zake huwa hawatabasamu.

"Njoo, wifi," alisema. "Aproni ya ziada ipo. Unga nitashika mimi."

Bi Teklia aliokota kifurushi kimoja kutoka chini ya piano, akavaa glavu, akamwomba Yustyna chupa ya mafuta ya alizeti. Akajimiminia viganjani. Akauingiza mkono wa kushoto ndani ya mkanda wa sketi na kumwambia Korongo ahesabu.

Sote tuliacha kazi. Alikigeuza upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikibana kwa kiwiko, akakiminya kwenye ukingo wa meza, akakisimamisha katikati ya magoti. Alikuna mahali ambapo yeye peke yake duniani alijua selotepu imeishia, na ukucha ndani ya glavu haukushika kitu. Kiliponyoka na kwenda chini ya kiti. Akakifuata kwa magoti. Korongo alikuwa akitazama saa.

"Basi, shangazi. Dakika tatu."

"Bado sijamaliza."

"Wewe hujamaliza," alisema Korongo. "Majeruhi wako amemaliza."

Bi Teklia aliinuka, akavua glavu, akaifuta meza kwa leso yake mpaka mafuta yakaisha, akavaa koti, akaenda nyumbani. Ilikuwa saa tisa mchana. Larysa Bohdanivna alisema tusimfuate. Yustyna aliitundika ile aproni ya ziada kwenye msumari wa pili, ule wa karibu na jiko.

Kesho yake alifika kabla ya mtu mwingine yeyote, akiwa na kikapu. Ndani yake mlikuwa na mizingo kumi na mmoja ya riboni nyekundu nyembamba, aina ile tunayofungia vikapu vya Pasaka tunapovipeleka kanisani kubarikiwa. Yeye alikuwa akiinunua kila mwaka na kuitunza, kwa sababu riboni ya dukani, alisema, haijulikani mwakani itakuwaje.

Alitueleza akiwa amesimama, kama mtu anayetoa ushahidi. Kiwandani, ndani ya karatasi ya plastiki ya kila sanduku la chokoleti, palipita uzi bapa mwekundu. Mnunuzi akivuta ncha, plastiki inachanika yote mara moja. Uzi huo ulitiwa na mashine namba nne, iliyokuwa mita mbili kutoka mahali pake, na kwa miaka thelathini na mmoja yeye hakuiheshimu. Aliuita mlango wa wezi. Mwaka mmoja alimwandikia mkurugenzi barua ya kurasa tatu akiomba mashine namba nne iondolewe, kwani watoto walikuwa wakivuta uzi dukani na masanduku yakifika majumbani yakiwa wazi. Mkurugenzi hakujibu.

"Alikuwa mjinga," alisema Bi Teklia, "lakini mashine aliiacha."

Kisha akaonyesha. Riboni inalazwa juu ya plastiki kwa urefu, selotepu inapita juu yake, ncha ya riboni inaachwa nje upana wa viganja viwili na kufungwa fundo nene, ili vidole vyenye glavu vipate pa kushika. Plastiki iwe ya tabaka moja, na iwe imechanjwa kidogo kwa mkasi pale riboni inapoanzia. Hakuna kusugua ncha. Alilisema hili la mwisho akitazama dirishani.

Lakini kwanza ilibidi vile mia mbili na arobaini vifunguliwe, na huo ndio ulikuwa msiba wa Jumatano. Kwenye meza tulikuwa saba. Kufikia saa nne asubuhi tulikuwa tumefungua kumi na tisa, na mikasi miwili ilikuwa imelegea msumari. Larysa Bohdanivna akaenda jikoni kuomba watu. Wakaja wote, wanawake watano wenye visu, Yustyna mbele. Alikaa mkabala na wifi yake, akachukua kifurushi, akatoboa, akakereza, akakigeuza, akakereza tena.

"Wifi," alisema baada ya muda, "humu ndani ulimfungia nani? Jambazi?"

"Kata kwa upana."

"Nimeshakata kwa upana. Kisu changu cha kabichi kimekufa. Mume wako ulikuwa unamfungia hivi chakula cha safari?"

"Alikula kila alichobeba."

"Alikuwa akifika kwangu na njaa, na mfuko mkononi haujafunguliwa. Nilidhani ni mapenzi kwa dada yake."

Bi Teklia aliacha kukata. Ilionekana anahesabu jambo fulani la zamani. Kisha akaendelea.

Cha mwisho kilifunguliwa saa nane mchana. Visu vinne viliharibika. Kuanzia hapo tulifunga upya, Bi Teklia akipita nyuma ya kila mmoja na kuvuta kila fundo mara moja, kwa upole, kana kwamba anamshika mtoto sikio. Vilipofika mia moja, Korongo aliingia na kutaka kuona. Larysa Bohdanivna akauliza nani ajaribu. Bi Teklia alinyoosha mkono kuchukua glavu, lakini Korongo akakataa. Wewe unajua kimefungwaje, alisema. Namtaka asiyejua, mwenye mikono michafu.

Sote tukamfikiria Yustyna, ambaye muda huo alikuwa amerudi jikoni kukaanga vitunguu vya chakula cha jioni. Aliitwa. Alikuja na mafuta mpaka kwenye vifundo vya mikono, kwa hiyo chupa ya alizeti haikuhitajika. Akavishwa glavu, mafuta yakiwa ndani na nje, akaambiwa aweke mkono mmoja kiunoni.

Alilitazama fundo jekundu. Akalivuta.

Kifurushi kilipasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkanda, chachi, bendeji, plasta na kalamu vilimwagika mezani, na kalamu ikabingirika mpaka chini ya piano. Korongo alisema sekunde nne. Bi Teklia alikuwa amekaza mdomo. Alikuwa akikitazama kile kifurushi kilichotanuka jinsi alivyotazama riboni za mazishi.

"Kimefunguka," alisema Yustyna.

Ilikuwa sauti ileile. Chumba kizima kiliijua, maana ukoo ule ulikuwa na watu wengi mjini. Bi Teklia aliinama, akaitoa kalamu chini ya piano, akaipuliza vumbi, akairudisha mahali pake katikati ya bendeji na plasta.

"Kimefunguka," alikubali. "Lete kingine. Na urudi jikoni, vitunguu vinaungua."

Alhamisi asubuhi Korongo alipakia vyote mia mbili na arobaini. Hakusifu. Alimwomba Bi Teklia kipande cha riboni, akakifunga kwenye zipu ya begi lake ili alitambue, akaondoka. Aproni ya ziada ilikaa kwenye msumari wa pili hadi Desemba, ndipo Yustyna akaichukua kufungia dirisha lililokuwa likiingiza baridi.

Bi Teklia bado yuko mwisho wa meza. Wageni wakija huwaambia kwamba katika miaka thelathini na mmoja hakuna sanduku lake lililofunguka njiani, kisha huwapa fundo walivute. Vifurushi vya Bergamo hajavibadilisha. Ulyana aliposikia habari za riboni alipiga simu kuuliza kama na yeye atapata. Mama yake alimwambia asubiri, kwanza vita viishe, na kwamba yeye anao muda na jirani mwenye msumeno.