Patasi ya Buluu ya Amisa binti Abdallah

Katika Kasongo ya mwaka hamsini na mbili, ukitaja kitanda umemtaja Abdallah. Yeye ndiye aliyekuwa mkereza, mtu wa kuchonga matendegu, ile miguu ya kitanda ya mviringo yenye shingo na pete, mizuri mpaka unaona haya kuifunika kwa shuka. Kerezo yake ilikaa uani: vigingi viwili vyenye ncha za chuma alizoachiwa na babu yake, mti katikati, na kamba iliyozungushwa kwenye mti. Mmoja anavuta kamba huku na huku, mti unazunguka. Mwingine amekaa chini, anaituliza patasi kwa mkono na kidole gumba cha mguu. Mvuta kamba, kwa miaka kumi na minne, alikuwa binti yake Amisa. Dada zake waliolewa wakaenda. Amisa aliolewa akabaki, maana mume wake Asani, mtu wa kule Wamaza, alikuwa kibarua katika atelie, yaani karakana, ya mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Kabambare, na nyumbani alifika mara mbili kwa mwaka.

Shida ililetwa na mvule. Mfanyabiashara mmoja wa nguo alikuwa anaoza binti, akataka kitanda cha mvule mtupu, mchwa wasikiguse mpaka wajukuu wazeeke. Sasa, mvule una mawe ndani. Si maneno ya kupamba: unakata mbao, unakuta jiwe jeupe limekaa humo kama mbegu. Patasi za Abdallah, alizozifua mwenyewe kutoka springi za lori, zikifika kwenye jiwe zinang'oka meno. Tendegu la kwanza lilimla siku tisa, nyingi ni za kunoa. Yalibaki matatu, na arusi ni baada ya wiki mbili.

Mzee akachoka. "Nitampa Grégoire hizi ncha za kerezo," akasema. "Yeye iko na mashine kule misioni. Amalize kitanda, na kazi zingine zote achukue."

Grégoire alikuwa seremala wa misioni, na ncha zile alizitamani siku nyingi. Zikitoka, ukerezaji umekwisha katika nyumba ile.

Kesho yake Asani akashuka kwenye lori la likizo, na mzigo umefungwa kwa gunia.

"Asani, umeniletea nini?" Amisa akauliza.

"Misumeno."

Vilikuwa vipande vitatu vya msumeno wa mashine, vimevunjika, kila kimoja kipana kama vidole vitatu.

"Wenzako wanaleta kitenge, weye unaleta takataka ya wazungu!"

"Hata pale mlangoni kwa mgodi walicheka. Wamenipekua mpaka kwenye nywele, wanatafuta dhahabu. Kapita, msimamizi wetu, akasema, pita na uchafu wako. Lakini sikia, mama. Chuma hii wanaiita rapidi. Inakata chuma zingine siku nzima, na haiogopi moto."

"Kila chuma inaogopa moto, mukwe wangu," alisema Abdallah. Akachukua kipande kimoja, akakipasha mpaka kikawa chekundu, akakifua kidogo, akakitia majini kama alivyozoea kufanya na springi. Ta! Kikapasuka vipande vitatu. "Hii si chuma. Hii ni sahani."

Amisa akaomba kipande cha pili. Walikwenda yeye na mume wake kwa fundi wa baiskeli sokoni, mwenye jiwe la kunolea la kuzungusha kwa mkono. Hiki hawakukipeleka motoni. Asani alizungusha, Amisa alishika, tangu asubuhi mpaka jua la utosi na kupita. Cheche za springi huruka na kupasuka nyeupe. Hizi zilikuwa chache, nyekundu za giza, hazina haraka. Makali yalipotokea, ncha yote ikageuka buluu kwa joto. Wakatia mpini wa mpera, wakarudi nyumbani.

Siku ya pili, Ijumaa, Abdallah aliitazama patasi ile dakika moja tu. "Unaona buluu? Patasi ikiwa buluu imekufa, haishiki makali tena. Nilikufundisha." Na kwa vyuma vyote alivyovijua maishani, alisema kweli. Akaitupa kwenye majivu, akavaa kanzu. "Nikitoka msikitini napitia kwa Grégoire."

Amisa alisubiri mpaka kofia ya baba yake ikapotea njiani. Akaiokota patasi, akaipangusa kwa kanga. Akapachika mti wa mvule kwenye ncha, akakaa chini mahali pa baba yake.

"Asani, vuta kamba."

"Nani atachonga?"

"Vuta!"

Asani akavuta kwa nguvu zake zote.

"Unatoa mbuzi shambani? Pole pole, sawasawa, kama unapumua!"

Mguso wa kwanza patasi iliruka, ikaacha kovu. Amisa akashusha mkono. Maishani hakuwa amekereza hata mara moja, lakini masikio yake yalijua mlio wa kazi nzuri kuliko alivyojua sauti ya mume wake. Akaitafuta ile sauti, akaipata. Maranda yakaanza kutoka marefu, yamejikunja, yakimwangukia mapajani. Halafu, krrr! Jiwe. Kidole cha mguu kikakaza. Unga mweupe ukaruka, na patasi ikapita. Akaiinua kwenye mwanga: makali mazima, buluu yake ileile.

"Imepita, Asani! Imepita!"

"Si nilisema..."

"Nyamaza, vuta!"

Abdallah aliusikia mlio tangu njiani, akaharakisha. Nyuma yake alikuwa Grégoire, na majirani wameshajaa kwenye ua.

"Mwanamuke kwenye kerezo!" Grégoire alicheka. "Na patasi yenyewe imekufa. Angalia ile buluu!"

Amisa hakuinua kichwa. "Imekufa kweli, fundi. Kaa uone maiti ikifanya kazi."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Abdallah hakucheka. Alichutama, akapitisha kidole gumba juu ya tendegu, polepole, kutoka juu hadi chini.

"Shingo nene," alisema. "Punguza hapa."

"Hapa, baba?"

"Hapo." Ndipo akamgeukia Grégoire. "Ndugu yangu, nimekutembeza bure, unisamehe. Hizi ncha ziko na mwenyewe. Huyu."

Matendegu matatu yalikwisha kwa siku nane, na patasi iliguswa na jiwe la kunolea asubuhi tu. Ilikuwa desturi kwao kwamba kitanda cha bibi arusi kikipelekwa, aliyekikereza anatangulia, watu wote wamjue. Siku ile Abdallah alivaa kanzu yake nyeupe kuliko zote, akajiweka nyuma, katikati ya wabebaji. Mbele alitembea Amisa, shingo ndefu, vigelegele pande zote mbili za barabara. Akina mama wa Kasongo waliomwita mvuta kamba walilala wakimwita Fundi Amisa, na hawakumwita jina lingine tena.