Hodi ya Dionisi Handakini

Shemeji yangu Dionisi, mume wa dada yangu Scolastica, ni fundi muashi wa Mlabani, na ukitaka kumkosesha raha mpe jembe. Kazaliwa Mofu katikati ya mpunga, lakini kilimo na yeye hawapatani kabisa. Anachojua ni ukuta. Anaweza kupiga plasta tangu asubuhi mpaka jua linazama, akasahau kwamba ana mke nyumbani. Mimi humtania dada kwamba ana mke mwenza, naye ni saruji.

Mwaka jana Dionisi alipata kibarua cha reli, kule juu ukishapita Mlimba. Mkandarasi alikuwa anapanua mfereji wa maji ndani ya handaki. Mashine ikagonga ukuta, zege likashuka, na shemeji akafukiwa mpaka kiunoni. Walimtoa mzima, namshukuru Mungu, ila aliyerudi nyumbani hakuwa yule tuliyemjua. Hata chumbani kwake alikuwa halali mlango ukifungwa.

Treni zikasimama. Ikaletwa kampuni nyingine kutengeneza, na msimamizi wake, Adolf, akamfuata Dionisi hadi Mlabani, akimtaka aongoze mafundi. Shemeji akakubali, kisha akamwambia dada mbele yangu, "Nikishindwa kuingia, basi tena. Vifaa nagawa, tunahamia Mofu nikalime." Mimi iliniuma sana, maana mtu huyu bila ufundi angebaki jina tu. Nikaomba kazi ya kupika kambini kwao, nikapewa.

Siku ya kwanza, wahandisi walikuwa wameshasimamisha matao ya chuma mlangoni. Wakapima, wakasema pale ni salama. Mafundi wakajipanga nyuma ya Dionisi. Yeye akasimama kwenye mdomo wa handaki, akavua kofia ngumu, akasema, "Hodi."

Wenzake wakacheka wakidhani ni mzaha. Akarudia. Kimya. Mara ya tatu sauti ikamtetemeka. Aitike nani, na ndani hakuna mtu? Na adabu zetu mnazijua: hodi tatu bila jibu, unageuka unaenda zako. Basi shemeji akageuka kweli. Na wale mafundi, watu wazima na ndevu zao, nao wakageuka, maana nani ataingia mahali ambapo mkubwa wake hakukaribishwa? Adolf akabaki kashika kiuno.

Nilikasirika, jamani. Nimeamka alfajiri kuwapikia kundi zima, halafu kazi ilale kwa sababu ya adabu? Nikaweka upawa chini, nikakaza kanga, nikamvua Adolf kofia yake nikaivaa mimi. Nikampita shemeji bila kumtazama, nikaingia mpaka chini ya tao la kwanza. Mle ndani kuna baridi, na maji yanadondoka.

"Haya," nikamwambia, "piga hodi."

Akanitazama weee. "Hodi," akasema.

"Karibu, shemeji. Pita, usione haya, hapa ni kwako."

Akavaa kofia, akaja taratibu, jasho linamtiririka. Aliponifikia akaegemeza kiganja ukutani, akashusha pumzi. Nami nikafanya kosa la kutazama juu. Nikaona mlima wote ule uko kichwani kwangu, nikamkamata shati.

"Shemeji, nitoe," nikasema.

Akacheka. Tangu ajali ile nilikuwa sijamsikia akicheka, na nusura nilie palepale. "Mdomo wote ule umeishia wapi?" akaniuliza. Akanishika mkono, akanifikisha juani, akanikalisha kando ya masufuria yangu. Halafu akachukua mwiko wake wa plasta, akarudi ndani, na mafundi wakamfuata.

Mchana ilibidi nimwite mara mbili aje kula.