Siku Niliyosoma Chupa ya Dawa ya Kahawa

Sisi tuliokulia kwenye kahawa huku Meru, ile miaka ruhusa ilipotoka kila mtu auze anachotaka, Kiingereza tulikipata mikono ikiwa kazini. Mimi shule niliishia la nne. Lakini jirani yetu, Mwalimu Elirehema, mstaafu, alikuwa anatuita watoto tumchambulie kahawa yake kwenye vitanda vya kuanikia, na ujira wetu ni ndizi za kuchoma na maneno. Alisema Kiingereza kina mizizi ya Kigiriki na Kilatini, ni kama mgomba, shina moja watoto saba. Anasema "bio", tunaitikia "uhai". "Herbi?" "Majani." "Fungi?" "Ukungu." "Cide?" "Kuua." Hilo la kuua tulilipiga kelele kushinda kwaya ya Pasaka.

Basi mwaka mmoja ikaingia chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha kahawa ingali mbichi mtini. Ushirika ulishaacha kuleta dawa, baba akaenda sokoni Tengeru, akarudi na chupa ya Kiingereza kitupu. Akajaza maji kwenye bomba la kupulizia, akaniambia lete dawa. Nikaisoma njiani. Herbi. Cide. Nikafika kwa baba, sikumpa.

"Baba, hii inaua majani. Ya ukungu ingeanza na fungi."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu Elirehema."

"Ameiona hii chupa?"

"Hajaiona."

Baba akamgeukia mama. "Unasikia? La nne linanifundisha dawa."

Mama alikuwa anamenya ndizi, hata hakuinua uso. "Si upulize kwanza magugu ya pale njiani. Kahawa inakimbilia wapi?"

Akapuliza, amenuna. Siku ya tatu magugu yamekauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Baba akasimama pale akitazama mibuni aliyoachiwa na babu. Kisha akanishika mkono hadi Tengeru, nikaisoma chupa mbele ya muuzaji, tukabadilishiwa.

Tangu hapo wazee wazima walikuja kwetu na chupa zao kabla ya kuchanganya dawa. Nina miaka kumi na miwili, nimekaa kwenye kigoda, nasoma.

Siku hizi wajukuu zangu wa Moshono wanapiga picha chupa, simu inawatafsiria, huku wanatafuna chipsi. "Bibi, eti unajua Kigiriki?" wananicheka. Kidogo tu, nawaambia, kilitosha shamba zima. Simu yao inajua mengi kuliko mimi, sibishi. Ila simu haimwogopi baba. Mimi nilimwogopa, na nikamwambia.