Séraphin, Mwonja Vyakula vya Mtaa wa Juu

Mwaka wa tisini na saba, vita vilipokwisha kupita Likasi na nchi ikabadilishwa jina, taa zilianza kuwaka tena katika nyumba za juu ya mji. Ni nyumba kubwa zenye barza pana na mijakaranda mbele, zilizojengwa na kampuni ya madini kwa ajili ya wakubwa wake. Kwa miaka kadhaa nyingi kati yake zilikuwa zimekaa kimya, madirisha yamefungwa kwa mbao, majani yamefika kiunoni. Sasa walikuja wazungu wapya. Wengi walitoka Afrika ya Kusini, wachache Kanada na Ubelgiji, wakaanza kwenda Kakanda kila asubuhi kupima mawe na kurudi jioni wakiwa na vumbi na njaa.

Nyuma yao vikaja vijiresto, migahawa midogo ya nyumbani. Mtu mwenye barza alipanga meza nne. Mtu mwenye garaji alisukuma nje gari lililokufa, akafagia mafuta yaliyomwagika, akatundika pazia. Mishahara ya kampuni ilikuwa imesahau njia ya kuja nyumbani kwa watu, na kila mwanamke aliyejua kukaanga samaki alijiona anaweza kulisha mzungu.

Séraphin hakuwa na barza wala garaji. Alikuwa opereta wa simu wa kampuni tangu ujana wake. Wezi walipokata nyaya na kuuza shaba yake, mitambo ilinyamaza, lakini hakuna aliyemwambia asije tena kazini. Akaendelea kwenda. Alikaa mbele ya mashine zisizolia, akisoma magazeti ya zamani, kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Kilichomtoa pale ni Kiingereza. Baba yake alikuwa amefanya kazi migodini kule Kitwe, upande wa Zambia, na Séraphin alisomea huko mpaka alipobalehe. Mwanajiolojia mmoja aitwaye Pieter alipotafuta mtu wa kumtafsiria, watu walimwelekeza kwenye chumba cha simu.

Pieter alikuwa mrefu, mwekundu shingoni, na aliogopa tumbo lake kuliko alivyoogopa askari. Alichoka haraka na vyakula vya makopo katika nyumba aliyopanga na wenzake. Siku ya kwanza walipoketi kwenye kiresto, chakula kilipoletwa, alisukuma sahani upande wa Séraphin.

“Kula wewe kwanza,” akasema kwa Kiingereza. “Tukae kidogo, halafu nitakula na mimi.”

Séraphin akala. Pieter akamtazama usoni, akavuta sigara nzima, akaona hajaanguka, ndipo akachukua uma. Kazi ikawa hiyo. Asubuhi Séraphin alitafsiri maneno, jioni alionja vyakula.

Walianza kwa Mama Madeleine, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeandika majina ya vyakula kwenye ubao wa darasa na kumsahihisha mteja aliyekosea Kifaransa. Walipita kwa Jeancy na Providence, vijana wa kanisa la maombi, wasiouza bia, ambao waliombea kila sahani kwa sauti kubwa mpaka mchuzi ukaganda. Pieter alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili aliangalia saa. Kulikuwa na mahali pa michopo, mbuzi wa kuchoma, ambapo muziki ulipigwa kwa nguvu hata Séraphin alitafsiri kwa vidole. Kila wiki kulifunguliwa pengine, na kila palipofunguliwa mwenyewe alimvuta Séraphin pembeni na kumnong'oneza: “Papa, umulete huku kwetu. Ule mwengine ule anapikia maji ya muto.”

Watu walimwonea wivu. Yeye alikuwa anachoka, na uchovu wenyewe hakuweza kumweleza mtu, maana nani angemhurumia mwanaume kwa kula nyama? Nyumbani mke wake Marlène alipika bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo bila mafuta, na mtoto wao Dan na wadogo zake walikula mara moja kwa siku. Séraphin aliporudi, watoto walinusa shati lake. Hakuweza kuketi nao sahanini. Marlène alimwekea maji ya kunawa kama kawaida, akayaacha yapoe.

“Papa Dan, leo mulikula nini?” aliuliza siku moja.

“Kuku.”

“Kuku ya namna gani?”

“Marlène, tuache. Niko na usingizi.”

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa mwanamke aitwaye Kabedi alipofungua kiresto garajini.

Garaji lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la Mama Émérence, mjane wa Kikatoliki aliyeimba kwaya naye zamani, na lilitazamana moja kwa moja na nyumba aliyopanga Pieter. Kabedi alizaliwa Likasi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na mwaka wa tisini na mbili, Wakasai walipofukuzwa kwa kuitwa wageni, yeye na mumewe walitolewa nyumbani na vijana wenye fimbo. Walilala kituo cha treni pamoja na maelfu, majuma na majuma, wakisubiri mabehewa. Mumewe, fundi mkuu wa kiwanda cha kampuni, alifia Mwene-Ditu, kule Kasai, baada ya safari. Sasa, serikali ilipobadilika, Kabedi alirudi na binti yake Daniella na masufuria mawili.

Nyumba waliyotolewa ndiyo ile aliyokuwa akiishi Pieter.

Séraphin alilijua hilo, kwa kuwa enzi hizo aliwahi kuunganisha simu za nyumba hiyo. Alipomwona Kabedi anapuliza mbabula, jiko la makaa, pale mkabala, alisimama barabarani. Kabedi ndiye aliyeanza.

“Papa Séraphin, ukuye uonje. Njo kazi yako, banasema.”

Pieter alikuja naye jioni hiyo. Kabedi aliwapa matamba, yaani sombe, yaliyotwangwa vizuri, samaki mkavu aina ya mikebuka katika mchuzi wa nyanya, na kikanda, ile keki ya mizizi na karanga inayokatwa vipande. Pieter alidhani ni soseji. Séraphin akaonja, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi alisahau kuwa anaonja. Alimaliza nusu ya sahani kabla ya kukumbuka kumrudishia mwenye nayo. Mzungu alicheka, akala kilichobaki, akaomba tena. Walipoondoka, Kabedi alimtia Séraphin mkononi kifurushi cha majani ya ndizi.

“Ya Mama Dan na batoto,” akasema, na kabla Séraphin hajashukuru akageukia vyombo.

Usiku huo Séraphin alikaa na watoto wake wakila.

Pieter hakutaka tena kwenda pengine. Alileta wenzake. Garaji likajaa, Mama Émérence akaongeza viti vya kanisa, Daniella akajifunza kusema habari za jioni kwa Kiingereza. Kabedi alipika huku ameligeuzia mgongo lango la nyumba ile. Hakuna mzungu aliyejua.

Aliyejua ni Georges. Ndiye aliyeikalia nyumba mwaka ule wa fimbo, na ndiye aliyewapangisha wazungu. Alimngoja Séraphin kwenye kona, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali.

“Séraphin, unapeleka ba-locataire yangu, bale bazungu, kwa ule mwanamuke juu ya nini?”

“Anapika muzuri, Papa Georges. Njo vile tu.”

“Kesho atawaambia nyumba ni yake. Unataka matata tena? Resto iko mingi. Ubapeleke fasi ingine.”

Séraphin alimjibu kwamba wazungu wana miguu yao. Georges alifunga vifungo vya koti, akaenda zake. Séraphin aliendelea kupanda kilima.

Wiki ya kwanza ya mvua Pieter alishikwa na homa. Alitetemeka, akatapika, akalala chumbani mapazia yamefungwa. Kabla ya saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa na habari: Mkasai amemlisha mzungu sumu. Hakuna aliyesema ameisikia wapi. Jioni garaji la Kabedi lilikuwa na viti vyote na hakuna mtu. Daniella alifukuza nzi kwenye sufuria zilizojaa.

Séraphin alivuka barabara. Wazungu wanne walikuwa kwenye barza, wakinong'ona kwa Kiafrikaans, na Georges amesimama kwenye ngazi na kofia mkononi. Séraphin hakusubiri kuulizwa.

“Nilikula sahani ileile,” akawaambia kwa Kiingereza. “Nilikula kabla yake, na nilikula zaidi yake. Nitazameni. Huyu ana malaria. Mpelekeni apimwe damu.”

Walimpeleka. Ilikuwa malaria. Siku chache baadaye Pieter alikuwa ameketi barzani, amejifunga blanketi, macho ya manjano, na akamwita Séraphin akae.

“Kwa nini mwenye nyumba aliniambia ni sumu?”

Séraphin angeweza kusema hajui. Baadaye alifikiri sana juu ya dakika hiyo. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kutunga uongo. Akamweleza: fimbo, kituo, treni, Mwene-Ditu, na nyumba ni ipi. Pieter alisikiliza mpaka mwisho. Aligeuka akatazama ukuta wa chumba cha kulia, kana kwamba kuna mtu ameegemea pale. Kisha akasema kampuni yao imeweka sahihi mpaka mwisho wa mwaka ujao, na kwamba yeye ni mtu wa mawe tu, si mtu wa mashauri ya nyumba.

“Naelewa,” akasema Séraphin.

Jioni alipopata nguvu ya kutembea, Pieter alitoka langoni, akasita. Ng'ambo, Kabedi alikuwa ameshainua mkono kumsalimu. Pieter aliinamisha kichwa, akashika njia ya kushuka.

“Twende kwa wale wanaoomba,” akasema.

“Kwa Kabedi chakula kiko tayari.”

“Siwezi, Séraphin. Siwezi kukaa pale nikamwangalia.”

Hakurudi tena kwa Kabedi, na wenzake wakamfuata. Providence aliombea samaki wa thomson, wale wa barafu, kwa muda mrefu, na Séraphin alionja akiwa amefumba macho, watu wakadhani anaitikia sala.

Asubuhi iliyofuata alikwenda garajini kueleza. Kabedi alikuwa anachambua maharage. Alimsikiliza bila kuinua uso mpaka alipofika kwenye maneno “nilimwambia.”

“Nani alikutuma?”

“Aliniuliza, Mama Kabedi. Na ule Georges alisema weye njo ulimupa sumu.”

“Mambo ya sumu, malaria ilijibu. Ile ilikuwa imeisha.” Aliweka ungo chini. “Papa Séraphin, minye nilikuwa nayua nafanya nini. Banatoka mu nyumba yangu, banavuka, banakula chakula yangu. Kila siku. Minye ile ilikuwa inanitosha. Sasa weye umewapa haya. Na muntu mwenye haya hakule.”

Séraphin alikaa kwenye kiti cha kanisa. Alitaka kusema alikusudia mema, lakini sentensi ilikuwa ndefu.

“Unisamehe,” akasema.

“Uko na njaa?”

“Apana.”

“Uko nayo,” akasema Kabedi, na akampakulia maharage.

Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata vita vilianza upya mashariki, na kampuni za kigeni ziliwaita watu wao warudi. Waliondoka asubuhi moja kwa magari matatu kuelekea mpaka wa Zambia. Pieter alimpa Séraphin viatu vyake vya porini, vikubwa mno, na fungu la funguo.

“Mpe Georges,” akasema. Alionekana kutaka kuongeza neno, dereva akapiga honi.

Vumbi lilipotulia, Séraphin alivuka barabara.

“Mama Kabedi. Funguo iko hapa. Georges hajafika bado. Kama unapenda kuingia.”

Kabedi alijifuta mikono kwenye kitenge, akamwachia Daniella moto, akaingia langoni bila kumtazama mtu. Séraphin alibaki barzani. Alimsikia akifungua milango mmoja baada ya mwingine, akisimama, akifungua bomba la jikoni lisilotoa maji, akilifunga. Mahali fulani hatua zake zilinyamaza kwa kitambo, na Séraphin akaangalia viatu alivyopewa ili asiangalie dirishani. Alipotoka uso wake ulikuwa mkavu.

“Balipaka rangi mubaya,” akasema. “Ya kijani. Chumba yote inakuwa giza.”

Akavuka kurudi kwenye sufuria zake. Mchana ule Georges alikuja, akapewa funguo, akauliza kama wazungu wameacha friji. Séraphin alimwambia aingie ajionee.

Vijiresto vilikufa kimoja kimoja. Mama Madeleine alirudisha ubao shuleni. Jeancy na Providence waligeuza barza yao kuwa chumba cha maombi. Kabedi alihamia kwenye njia ya magari yanayopeleka wachimbaji Shinkolobwe, akawa anapika bukari katika masufuria makubwa kwa vijana wanaokula wima, haraka, na kuomba pilipili zaidi. Nyumba hakuipata, wala hakuidai. Mama Émérence alipomuuliza kuhusu mahakama, alisema atafikiri siku atakayopumzika.

Séraphin hakurudi kwenye chumba cha simu. Ndugu za Marlène walikuwa na shamba Kapolowe, karibu na misheni, na wakahamia huko wote na vitanda vyao juu ya lori la makaa. Alijifunza jembe akiwa mtu mzima, vibaya, mgongo ukilalamika. Jioni wanakula mapema, bukari na lengalenga, mchicha wa huko, wote kwenye sahani moja, na Marlène humsogezea upande wenye majani mengi. Halafu anaegemea ukuta, na mara nyingi anasinzia kabla watoto hawajamaliza kunawa.