Kanisa la Goti

Enzi zetu, sisi tuliokulia Al Khuwair, huku Uarabuni, televisheni ilikuwa moja na rimoti ni ya baba. Mchezo wetu ulikuwa boksi tupu la maziwa ya unga: leo gari, kesho duka. Watoto wa siku hizi ukiwapa boksi watakuuliza chaji inaingilia wapi!

Nilipenda Ijumaa jioni. Dada Anjela, aliyekuwa akitufanyia kazi nyumbani, alitoka Tanzania bara, na Ijumaa, siku ya mapumziko huku, ndiyo aliyopewa ruhusa kwenda kusali kanisani. Akirudi ananukia ubani, mimi na mdogo wangu Salim tunamdandia atusimulie. Hadithi yake ilikuwa moja tu, kanisa la parokia ya kwao.

"La mawe matupu," akisema. "La zamani. La Kigothi."

Sisi tulisikia goti. Salim akauliza, "Kwa hiyo mkiingia lazima mpige goti?" Dada akacheka hata akashika ukuta. Kisha akakaa sakafuni, akakunja mguu, goti juu. "Haya, basi ni la goti. Paja linapanda huku, muundi unapanda huku, vinakutana juu kwenye ncha. Matao yetu yako hivyo, mstari mzima, mpaka altareni."

Tukajipanga koridoni watu watatu, magoti juu, na kigari cha Salim kikapita chini yake kwa madaha. Wallahi sijapata mchezo mtamu kama ule.

Halafu tukaamua kulijenga. Nguzo tulifanya kwa karatasi tulizozizungusha kama mabomba, mnara kwa boksi la tende, na madirisha kwa makaratasi ya peremende za Idi, yale mekundu na ya buluu. Dada alituambia kwao jua la asubuhi likipita kwenye vioo, sakafu yote inageuka rangi, hata kandambili za watu zinapendeza. Alikuwa na miaka mitatu hajaenda kwao.

Tukaliweka barazani gundi ikauke. Hapo ndipo Bibi, mama yake baba, alipolikuta.

Bibi hakuwa mtu wa mchezo. Mtumishi wa kabla ya Dada alirudishwa kwao kwa kuunguza wali mara mbili. Sasa hili, kanisa ndani ya nyumba ya Waislamu! Nilijua Dada anaondoka.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi, Bibi," Dada akajibu, akiwa ameinamisha kichwa. "Watoto hawana kosa."

Bibi akainama, akachungulia mlangoni kwa jicho moja. "Kengele i wapi?"

Salim akachungulia mnarani.

"Mie nimekulia Unguja, n'na masikio. Kengele ya kanisa ikilia, ndo mama anabandika chai. Kanisa gani hili, bubu?" Akaingia jikoni, akarudi na kinu chake cha shaba cha kutwangia iliki, akagonga ukingo kwa mchi. Ngiii! "Haya. Kila mtu na dini yake. Lakini liingizeni ndani, juani litapinda."

Dada Anjela alilia pale pale, na akakaa nasi miaka saba zaidi.

Siku hizi binti yangu anakuonyesha kanisa lolote la dunia kwenye simu, kwa kidole kimoja, na kabla hujaliona kashahamia jingine. Simlaumu. Ila nlipokwenda kwao Dada, baada ya Bibi kufariki, nlitaka nilione polepole. Matao yalikuwa magoti kweli, makubwa, ya mawe, na kandambili zangu zilikuwa nyekundu na buluu. Tulikaa benchi moja, yeye na mvi zake, mie na ushungi wangu.

Kengele ikalia juu yetu. Dada akanigusa bega.

"Huyo bibi yako," akasema, "anatwanga iliki."